Mgeni Aliyepewa Jembe: Historia ya Kachumbari Nyumbani Chome

Desemba iliyopita nilipanda kwenda Chome pamoja na binti yangu, kama wafanyavyo wenzangu wengi waliotawanyika mijini. Gari liliiacha barabara kuu itokayo Tanga kwenda Moshi, likaiacha na tambarare yenye vumbi, mibuyu na mikonge, likaanza kuupanda mlima kona baada ya kona. Kadiri tulivyopanda ndivyo hewa ilivyopoa, na migomba ikazidi kusogea barabarani. Juu ya yote ulisimama msitu wa Shengena, ambao kilele chake chenye mita 2,462 ndicho kirefu kuliko vyote katika milima ya Upare. Mapajani nilipakata kikapu cha vitu nilivyonunua kule chini kando ya barabara: nyanya, matango, vitunguu, pilipili na ndimu.

Shangazi yangu alikuwa na makande jikoni. Yeye huyapika kwa taratibu ile ile niliyoikuta nikiwa mtoto: chungu kikubwa, moto mdogo, na subira. Mimi nikaona nitoe mchango wangu. Nilichukua kitunguu maji kimoja, nikakikata vipande vyembamba, nikakifikicha kwa chumvi na kukikamua ili ukali wake upungue, kisha nikakisuuza. Nyanya nne ngumu nikazikata vipande, tango moja nikalimenya na kulikata duara nyembamba, pilipili nikaichanja kidogo tu kwa ajili ya mtoto. Ndimu nikaikamulia juu. Chumvi niliiacha hadi mwisho kabisa, watu walipokwisha kunawa, kwa sababu chumvi ikitangulia hulitoa tango maji yote, na bakuli likawa mchuzi baridi.

Shangazi aliliangalia bakuli lile kwa muda, akasema, “Baba, hiki si chakula cha kwetu. Hiki ni cha Wahindi na watu wa Pwani. Mwacha mila ni mtumwa.”

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Tangu tulipofika alikuwa akimsemesha binti yangu kwa Chasu, na mtoto akimjibu kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha Dar es Salaam. “Shikamoo, bibi” ilikuwa imepokelewa vizuri. Yaliyofuata ndiyo yaliyomuumiza. Akaongeza kwa sauti ya chini, “Mtoto huyu umemnyima lugha. Sasa unamnyima na chakula.”

Wasomaji wa ukurasa huu wananijua kuwa mtu wa maneno, na maneno hayo yalinichoma. Tulikula, tukalala, mimi sikupata usingizi haraka. Swali lake lilikuwa la haki: chakula cha kwetu ni kipi, na neno la kwetu ni lipi? Nilianza kulijibu kichwani usiku ule, kiungo kimoja baada ya kingine, na makala haya ndiyo matokeo yake.

Nianze na jina la chakula chenyewe. Shangazi alikuwa sahihi: kachumbari ni neno la Kihindi. Wasemaji wa Kihindi wana neno “kachumar”, na Wagujarati husema “kachumbar”, kwa maana ya mboga mbichi zilizokatwakatwa na kukolezwa. Katika Kihindi neno hilo limo pia katika msemo wa kumponda mtu hadi akawa vipandevipande. Kiswahili kililipokea, kikaliongezea irabu mwishoni kama kifanyavyo kwa wageni wengi wanaoishia na konsonanti, kikaliingiza katika ngeli ya I-/ZI-. Tunasema kachumbari hii imekolea, wala hatusemi *kachumbari haka*. Nilipokuwa mdogo sisi watoto tulidhani ile *ka* ya mwanzo ni ya kudunisha, kama ilivyo katika *katoto* na *kanyumba* za mitaani. Kwa hiyo bakuli likiwa kubwa tulidai tupewe “chumbari”. Lilikuwa kosa la kitoto, lakini ndani yake kulikuwa na sarufi kamili. Tulikuwa tumekwisha kulimiliki neno kiasi cha kulikata kwa kisu chetu wenyewe.

Njia ambayo neno hilo lilipita inajulikana kwa jumla. Biashara ya Bahari ya Hindi ni ya kale mno, na wafanyabiashara wa Kutch na Gujarati walikuwa na makazi katika miji ya Pwani tangu zamani. Katika karne ya 19, Seyyid Said alipoihamishia Unguja enzi yake, ushuru wa forodha ulishikwa na nyumba ya Jairam Shivji, aliyekuwa na asili ya Kutch. Baadaye ikaja reli. Reli ya Wajerumani iliyoanzia Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na kufika eneo la Moshi mwaka 1911, ikipita chini ya milima yetu, na Same ikawa kituo. Palipo na kituo pana duka, na duka la nyakati hizo kwa kawaida lilikuwa la Mhindi. Mpare aliyeteremka kuuza mazao au kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge alirudi na chumvi, kitambaa, na maneno.

Basi jina si la kwetu. Lakini tuyatazame yaliyomo.

Nyanya asili yake ni Amerika. Mababu zake wa porini waliota katika nchi za milima ya Andes, na wakulima wa Meksiko ndio walioilea hadi ikawa tunda la kuliwa. Waazteki waliiita kwa lugha yao ya Kinahuatl “tomatl”. Wahispania, walioiangusha dola ya Waazteki mwaka 1521, wakasema “tomate”, na lugha nyingi za Ulaya zikafuata, ingawa Waitalia walisema “pomodoro”, yaani tunda la dhahabu. Wakati nyanya inaanza kuzunguka dunia, Wareno walikuwa wamekwisha kufika kwetu: Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498, na Ngome ya Yesu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1593. Wareno walituachia maneno: meza, bendera, gereza, kasha, nanasi. Lakini neno lao la nyanya halikushika. Kiswahili hakisemi *tomati*. Bara husema nyanya, na Unguja husema tungule.

Kwa nini? Hapa nitatoa hoja yangu, na msomaji aipime. Afrika ina nyanya yake ya asili, ile tunayoiita nyanya chungu, na ambayo Watanzania wengi huiita pia ngogwe. Mmea wake una jani, ua na tunda linalomkumbusha mtazamaji tunda lile la Amerika. Ngogwe ikiiva huwa nyekundu, hata mtoto akadanganyika. Naamini mgeni alipofika, watu walimtazama wakamwona ni ndugu wa yule wa nyumbani, wakampa jina la nyumbani. Ndipo likatokea jambo la kusikitisha kidogo: mgeni alipendwa kuliko mwenyeji, jina la nyanya likawa lake peke yake, na mwenyeji akalazimika kuongezewa sifa ili atambulike. Akawa nyanya *chungu*.

Ukidhani nimebuni, itazame pilipili. Jina hili lilitoka India: Kisanskriti kilikuwa na “pippali”, likapita kwa Waajemi na Waarabu, likafika kwetu. Lilikuwa jina la viungo vya Asia vya punje ndogo. Kisha zikaja pilipili za Amerika, kichaa na mbuzi na hoho, nazo zikalirithi jina zima. Ile ya punje nyeusi, iliyotangulia kwa karne nyingi, ikabaki ikiitwa pilipili *manga*, yaani ya Manga, nchi ya Waarabu. Mwenyeji wa jina amegeuzwa mgeni kwa kivumishi. Katika bakuli moja la kachumbari jambo hilo limetokea mara mbili.

Kuna la kufurahisha katika kisa cha nyanya. Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliiweka nyanya katika jenasi ya Solanum, ile ile ya bilinganya na ya ngogwe yetu. Mwaka uliofuata Mwingereza Philip Miller aliitenga na kuipa jenasi yake, Lycopersicon, na vitabu vingi vikamfuata yeye kwa zaidi ya miaka 200. Hatimaye, katika miaka ya 1990, uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kuwa Linnaeus hakukosea, na nyanya ikarudishwa kwa ndugu zake. Muda wote huo wa mabishano, mama wa Kiswahili sokoni alikuwa akiziita zote mbili nyanya. Hakuwa na darubini, alikuwa na macho.

Tango nalo lina safari yake. Mmea wenyewe ni wa India, ulikolimwa tangu kale katika nchi zilizo chini ya Himalaya. Lakini jina lake halina harufu ya India. Wazulu huliita boga “ithanga” na Washona husema “nhanga”. Sikio la Mbantu linausikia undugu. Jamii ya maboga na matikiti ilijulikana Afrika kabla ya tango kuja, na inaelekea nalo lilikaribishwa kwa jina lililokuwapo. Ndimu na limau ni ndugu wa “limu” ya Waajemi na “laymun” ya Waarabu. Na ukipenda kunyunyizia majani ya kotimiri, umerudi tena kwa Wagujarati, wasemao “kothmir”.

Kilichobaki cha wazee ni chumvi na kisu. Neno chumvi lina mwenzake mkongwe, *munyu*, ambalo bado limo katika Kiswahili cha washairi na katika lugha nyingi za Kibantu kuanzia Uganda hadi Zimbabwe. Na kisu, Wapare tuna haki ya kukionea fahari: kule Ugweno, Upare Kaskazini, ukoo wa Washana ulisifika kwa kufua chuma, na chuma cha Upare kiliuzwa hadi kwa Wachaga, muda mrefu kabla ya reli.

Nilipofika hapo katika hesabu yangu ya usiku nilianza kuogopa kwamba shangazi ameshinda kesi. Karibu bakuli lote lilikuwa la wageni. Ndipo nikakumbuka chungu chake.

Makande ni nini? Ni mahindi na maharage. Mahindi yalitokana na nyasi za Meksiko, yakalimwa huko kwa maelfu ya miaka kabla ya jahazi lolote kuyaleta upande huu wa dunia. Tena sisi tukayapa jina linalosema Uhindi, nchi ambayo hayakuzaliwa. Maharage nayo, haya mekundu na ya madoadoa tunayoyala, ni ya Meksiko na Andes vilevile. Afrika ilikuwa na mtama, uwele na kunde. Na migomba iliyotuzunguka hadi mlangoni ilitoka Asia ya Kusini-Mashariki. Kwa maneno mengine, shangazi alikuwa ameketi mbele ya chungu kilichotoka Amerika, chini ya mgomba wa Asia, akikataa bakuli kwa sababu si la kwetu.

Hata sisi wenyewe. Hayati Profesa Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya kisiasa ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969, aliijenga kazi yake juu ya masimulizi ya koo, na mengi ya masimulizi hayo ni ya safari: fulani alitoka huku, fulani alivuka kule, wengine wakitaja Taita. Mwenyeji halisi wa Shengena labda ni yule ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni, ambaye haonekani mahali pengine duniani isipokuwa milima ya Upare Kusini. Sisi wengine sote tulipanda.

Asubuhi nilimweleza shangazi haya, nikiwa makini. Watu ambao mwaka 1945 waliteremka kwa maelfu hadi Same kuipinga kodi ya mbiru, wakakaa huko mpaka serikali ya kikoloni ikachoka, si watu wa kushawishiwa kwa maneno matupu. Alinisikiliza huku akichambua kunde. Nilipomaliza akauliza, “Kwa hiyo hatuna chetu?”

Hilo ndilo swali lililokuwa nyuma ya bakuli tangu mwanzo. Sikuwa na jibu la kitabu. Nikamjibu kwa methali anayoijua kuliko mimi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wazee wetu hawakuyauliza mahindi yametoka wapi. Waliyapa jembe. Waliyapandia matuta, wakayachimbia mifereji, wakayajengea ndiva, yale mabwawa ya kukusanya maji ya mlimani usiku ili asubuhi yafunguliwe kwa zamu kwenda mashambani. Neno ndiva lenyewe ni letu, na leo wahandisi wa maji walisemapo Kiswahili husema ndiva, kwa kuwa hakuna jingine linalofaa. Maana yake sisi pia tumekopesha. Chakula kinakuwa cha kwetu pale maji yetu na mikono yetu inapopita ndani yake, na pale jina lake linapokubali kunyooka katika sarufi yetu.

“Hayo ni ya chakula,” shangazi akasema. “Na mtoto?”

Hapo nilinyamaza, kwa sababu hapo hoja yangu ilifikia mwisho wake. Lugha haidhuriki kwa kukopa. Kiswahili kimekopa kwa Wahindi, Waarabu, Waajemi, Wareno na Waingereza, nacho kimenenepa. Chasu nacho kingekopa bila hasara. Mmisionari Mjerumani Ernst Kotz alichapisha sarufi ya Chasu mwaka 1909. Kitabu hicho kimekaa maktabani zaidi ya miaka 100, na hakiwezi kumfundisha mtoto hata mmoja kuomba maji. Lugha hupungua pale mzazi anapoacha kuisema jikoni. Nyanya ya Amerika haikuinyang'anya ngogwe shamba. Ni sisi tulioacha kuiita kwa jina lake. Na Kiswahili hakikumnyima binti yangu Chasu. Nilimnyima mimi, kwa uvivu, nikijiambia kwamba ana mitihani ya kutosha.

Nilimwambia shangazi hivyo, kwa maneno hayo hayo. Aliendelea kuchambua kunde. Kisha akamwita binti yangu, akamshika mkono, wakaenda nyuma ya nyumba ambako miche ya nyanya chungu huota kando ya njia ya kisimani. Niliwasikia kutoka jikoni. Shangazi alikuwa akigusa kila kitu na kukitaja kwa Chasu: tunda, jani, jembe, maji, udongo. Mtoto alirudia, akakosea, akacheka, akarudia tena. Baadaye nilimkuta ameyaandika maneno yale katika daftari lake kwa tahajia aliyojibunia mwenyewe, maneno 17, na pembeni ya kila neno amechora kitu chake.

Mchana ule makande yalipikwa upya, na ndani yake zikatiwa nyanya chungu, zile ndogo za kijani zilizochumwa asubuhi. Shangazi akanigeukia, akaniuliza kwa nini nimekaa tu, na lile bakuli langu la jana liko wapi. Nikakata nyanya, nikakata tango, nikafikicha kitunguu. Safari hii ndimu aliikamua yeye. Aliionja, akasema chumvi haijatosha, akaongeza.

Nami nimeahidi jambo dogo. Kila Jumapili jioni, binti yangu humpigia simu bibi yake, na kwa dakika 10 za mwanzo hairuhusiwi kusema Kiswahili. Mimi hukaa karibu nikikatakata kachumbari. Wiki mbili za kwanza kulikuwa na kimya kirefu mno katika simu ile. Jumapili iliyopita nilisikia kicheko pande zote mbili, na baada yake swali refu la Chasu ambalo mtoto alilijibu kabla mimi sijalielewa.